Kwa nini akili inakataa kukubali kwamba jambo limetokea tu?

#1 Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi, nataka tulijadili kwa hoja.

Thomas Jefferson na John Adams, marais wa zamani wa Marekani ambao wote walikuwa kwenye kamati ya kuandaa Azimio la Uhuru, walifariki siku moja: 4 Julai 1826, Azimio likitimiza miaka 50 kamili. Miaka mitano baadaye, 4 Julai 1831, James Monroe naye akafariki. Marais watatu kati ya watano wa kwanza wameondoka tarehe ya sikukuu ya taifa lao! Mwandishi Mark Twain alizaliwa Novemba 1835, wiki mbili tu baada ya nyotamkia ya Halley kulipita Jua kwa karibu. Mwaka 1909 akatamka hadharani kwamba alikuja nayo na anatarajia kuondoka nayo. Akafariki 21 Aprili 1910, siku moja baada ya nyotamkia hiyo kulifikia Jua tena.

Watu wa hesabu wanasema ni sadfa, na sina hoja ya kuwapinga. Ninachouliza ni kingine: mbona hata ukishaelezwa kuwa ni sadfa, bado mwili unasisimka? Ukidhani umeona mtu gizani kumbe ni kisiki, ukisogea karibu unatulia. Hapa kadiri unavyosogea ndivyo unavyozidi kushangaa. Hisia hii inatoka wapi?

#2 Simba Mkimya

Inatoka kwenye ukweli, mkuu. Lisemwalo lipo. Mtazame Lincoln na Kennedy: mmoja alichaguliwa kuwa mbunge 1846, mwingine 1946. Mmoja alichaguliwa kuwa rais 1860, mwingine 1960. Wote walipigwa risasi ya kichwa siku ya Ijumaa, wake zao wakiwa pembeni. Wote walirithiwa na Johnson, mmoja kazaliwa 1808, mwingine 1908. Wauaji wao walizaliwa 1839 na 1939. Katibu wa Lincoln aliitwa Kennedy, katibu wa Kennedy aliitwa Lincoln. Haya, niambieni hiyo nayo ni bahati tu.

#3 Hesabu Tamu

Mkuu Simba, naomba nikusahihishe mawili. Muuaji wa Lincoln, John Wilkes Booth, alizaliwa 1838, si 1839. Na makatibu wa Lincoln wanaojulikana ni John Nicolay na John Hay. Huyo Kennedy hana ushahidi wowote. Katibu wa Kennedy ndiye kweli aliitwa Evelyn Lincoln. Unaona kilichofanyika? Mfanano ulikuwa unapwaya, watu wakaubana kidogo ili utoshe.

Hayo mengine ni ya kweli, ila hebu yapime. Uchaguzi wa rais wa Marekani hufanyika kila baada ya miaka minne, wa wabunge kila baada ya miwili. Mia inagawanyika kwa nne na kwa mbili, kwa hiyo mwanya wa miaka 100 kamili si maajabu kama unavyosikika. Halafu taja na yasiyofanana. Lincoln alizaliwa 1809, Kennedy 1917. Mmoja alifariki Aprili akiwa na miaka 56, mwingine Novemba akiwa na 46. Majina ya mama zao, idadi ya watoto, vyuo, vita walivyopitia: kuna maelfu ya mambo unayoweza kulinganisha, na orodha inayosambaa ni ya yale machache yaliyogongana.

#4 Kipepeo

Hesabu Tamu ndiyo kwanza kafika, tayari kashazima taa za sherehe 😀 Ila kuhusu hao makatibu umenisaidia, nilikuwa nawahadithia watu miaka yote. Asante.

#5 Mwana wa Kichaka

Nirudi kwenye swali la mleta mada. Jibu langu ni kuishi. Nyasi zimetikisika: ni upepo au chui? Ukidhani ni chui kumbe upepo, umepoteza pumzi kidogo za kukimbia. Ukidhani ni upepo kumbe chui, hutaacha wajukuu. Kosa la kwanza ni rahisi, la pili ni ghali, kwa hiyo vizazi kwa vizazi wamebaki wale wanaoona chui mapema mno. Wazee walishasema, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Sisi sote ni wajukuu wa kunguru waoga.

#6 Bint Fikra

Mwana wa Kichaka, maelezo yako ni mazuri kwa hofu. Lakini mleta mada hakuogopa, alisisimka. Mimi kila nikitupia jicho simu nakuta 11:11. Hapo hakuna chui. Tena inanipa raha fulani, kama nimekonyezwa na mtu. Mageuzi yanaeleza vipi hiyo raha?

Na kusema ukweli, maelezo ya aina hiyo yananipa shaka. Unaweza kumtungia chui wake kila kasoro ya binadamu, na hakuna anayeweza kurudi nyuma kuhakiki.

#7 Hesabu Tamu

Bint Fikra, hiyo 11:11 ina maelezo mepesi: unatazama saa mara nyingi mno kwa siku, na 10:47 haina sura ya kukumbukwa.

Sasa naomba wote mjaribu kitu. Hapa kuna mistari miwili. Mmoja nimerusha sarafu mara 20 nikaandika ilivyoanguka, P ni upande wa picha na N ni upande wa namba. Mwingine nimeutunga kichwani nikijitahidi ufanane na sarafu. Upi ni wa sarafu?

A: P N P P N P N N P N P P N N P N P N P N

B: N N P N P P P P P N P N N N N P P N P N

#8 Kipepeo

A. Huo wa pili una picha tano mfululizo halafu namba nne mfululizo, umetungwa.

#9 Simba Mkimya

A, bila shaka.

#10 Msafiri wa Nyota

Nasema B, kwa sababu namjua Hesabu Tamu na mitego yake.

#11 Hesabu Tamu

Ni B. Ukiorodhesha njia zote ambazo sarafu inaweza kuanguka mara 20, zipo 1,048,576. Njia ambazo hakuna upande unaotokea zaidi ya mara mbili mfululizo, kama A, ni 21,892 tu, yaani takriban 2 kati ya 100. Na njia zenye mfululizo wa upande mmoja mara nne au zaidi ni zaidi ya robo tatu ya zote. Kwa hiyo mfululizo ndiyo kawaida ya bahati. Mtu akitunga, mkono wake unakataa kuandika P ya tatu, na P ya nne anaona ni uongo mtupu. Waalimu wa hesabu hutumia mbinu hii kumkamata mwanafunzi aliyeandika matokeo ya kubuni bila kurusha sarafu.

Jibu langu kwa mleta mada liko hapo. Tumebeba picha isiyo sahihi ya jinsi bahati inavyofanana. Tunadhani inajisambaza sawasawa. Inapojikusanya mahali pamoja, kama inavyofanya siku zote, tunatafuta aliyeikusanya.

#12 Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Nimeurudia huo mstari B mara kadhaa na bado unaonekana wa uongo. Hilo ndilo swali langu hasa, mkuu. Nimeelewa, na bado.

#13 Maktaba ya Giza

Nakazia #11 kwa kisa halisi. Mwaka 1944 Ujerumani ilikuwa inairushia London mabomu ya V-1, yale yaliyoruka yenyewe bila rubani. Watu walichora yalipoangukia na wakaona yamerundikana: mtaa huu umepigwa mara kadhaa, ule wa jirani haujaguswa. Uvumi ukaenea kwamba mitaa iliyopona ndiko wanakoishi wapelelezi wa adui.

Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, akachapisha makala fupi sana. Alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London na kuligawa viraba 576 vya ukubwa sawa, kila kimoja robo ya kilomita ya mraba. Mabomu yaliyoangukia humo yalikuwa 537. Kisha akahesabu. Viraba ambavyo havikupigwa hata mara moja: 229. Vilivyopigwa mara moja: 211. Mara mbili: 93. Mara tatu: 35. Mara nne: 7. Mara tano au zaidi: kimoja. Halafu akakokotoa ingekuwaje kama mabomu yangeanguka ovyo kabisa bila kulenga kiraba chochote. Visivyopigwa vingekuwa karibu 227, vya mara moja karibu 211.

Tazameni hizo namba tena, 229 na 227. Ina maana kwa kipimo hicho silaha haikuwa na uwezo wa kuchagua mtaa. Lakini fikiria uko ndani ya kile kiraba kimoja kilichopigwa mara tano au zaidi. Nani atakushawishi kwamba hukulengwa?

#14 Mama wa Zamu

Habarini. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nimezifanya tangu ujana. Nakubali ya sarafu na ya mabomu, ila kuna moja siwezi kuiachia. Mwezi ukiwa mpevu, wodi haitulii. Wagonjwa wanaamka, wanang'oa mipira ya dripu, wazee wanaanza kuita watu waliokwisha kufariki. Wenzangu wote wanajua. Tukiona mwezi umejaa tunaambiana tujipange. Na ole wake atakayetamka kwamba leo usiku ni shwari.

#15 Hesabu Tamu

Mama, kwa heshima zote. Mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37 kuhusu mwezi mpevu na vurugu za kila aina, wakakuta hakuna uhusiano wa maana. Usiku wa vurugu bila mwezi mnasema tu usiku ulikuwa mgumu. Usiku wa vurugu na mwezi mnauita kwa jina lake, na unakumbukwa.

#16 Msafiri wa Nyota

Hapo usifunge mlango haraka hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha matokeo ya watu 33 waliolala maabara bila kuuona mwezi. Karibu na mwezi mpevu walilala pungufu kwa dakika kama 20. Wapo waliorudia baadaye wasione kitu, na wapo walioona. Mgonjwa asiyelala vizuri ndiye huyo anayeng'oa dripu. Sisemi Mama ana haki moja kwa moja. Nasema alichokiona kinaweza kuwa kitu kidogo cha kweli kilichokuzwa na kumbukumbu, na hizo mbili hazizuiani.

#17 Mama wa Zamu

Asante Msafiri. Niseme pia kwamba jambo hili kwetu si la kuchezea. Mnamjua Lucia de Berk? Muuguzi wa watoto, Uholanzi. Kuliokotwa vifo na dharura zilizotokea wodini, ikaonekana yeye yuko zamu mara nyingi mno. Mahakama ikaelezwa kwamba uwezekano wa muuguzi kujikuta kwenye matukio yote hayo kwa bahati ni 1 kati ya milioni 342. Mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha maisha. Wataalamu wa takwimu walipopitia upya wakakuta hesabu ilikuwa ovyo: tukio lilikuwa linahesabiwa la kutia shaka kwa sababu yeye alikuwepo, kisha kuwepo kwake kunahesabiwa ushahidi. Aliachiwa huru kabisa Aprili 2010.

Niliposoma kesi yake nilikaa nikahesabu kimyakimya zamu zangu mbaya. Kila muuguzi wa muda mrefu anazo zimefuatana. Mtu akizichagua hizo tu akaziweka mezani, hata mimi nitaonekana muuaji.

#18 Bint Fikra

Mama, huu mchango umenigusa. Na ni ile ile hadithi ya mtu anayefyatua risasi ukutani ovyo kisha anachora duara pale zilipokusanyika na kujiita mlenga shabaha. Tofauti ni kwamba hapa ndani ya duara kulikuwa na mtu.

Uingereza nayo ina kisa chake. Sally Clark alihukumiwa 1999 kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Shahidi daktari alisema vifo viwili vya ghafla katika familia ya aina ile ni 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo aliipata kwa kuzidisha uwezekano wa kifo kimoja kwa wenyewe, kana kwamba watoto wa tumbo moja, nyumba moja, hawana chochote wanachochangia. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kuipinga mwaka 2001. Aliachiwa 2003.

#19 Kipepeo

Tupumue kidogo jamani. Ule uso kwenye sayari ya Mars je? Chombo cha anga Viking 1 kiliupiga picha Julai 1976: macho, pua, mdomo, unatazama juu. Chombo kingine kikapita 2001 na kamera kali, kumbe kilima chenye upana wa kilomita kama mbili na vivuli vya jua la jioni.

#20 Mwana wa Kichaka

Na nukta mbili na mstari chini yake ni uso pia, Kipepeo. Wewe mwenyewe umetuwekea mmoja kwenye #4 na hakuna aliyeuliza ni nini. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia nyuso haisubiri idhini yako. Narudi kwenye hoja yangu: mashine hii imetegwa iwe nyepesi kulia, kama king'ora.

#21 Sauti ya Ndani

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naona wote mnadhani kuna njia mbili tu: ama kitu kimesababisha kingine, au ni bahati isiyo na maana. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1952 alipendekeza ya tatu, kwamba matukio mawili yanaweza kuunganishwa na maana bila moja kusababisha jingine. Alisimulia mgonjwa wake mmoja aliyekuwa mgumu kufunguka. Siku hiyo akawa anaeleza ndoto aliyopewa kito cha umbo la mbawakawa wa dhahabu. Kitu kikawa kinagonga dirishani. Jung akafungua, akamdaka mbawakawa wa rangi ya kijani na dhahabu, akamkabidhi. Kuanzia hapo, kwa maelezo ya Jung, tiba ikasonga.

Sasa mpelekeeni yule mama hesabu za uwezekano. Mdudu alikuja wakati alipohitajika, na maisha yakabadilika. Maana hiyo ilikuwepo, hata kama mdudu hakujua.

#22 Hesabu Tamu

Sauti, tatizo langu ni wadudu waliogonga dirisha siku nyingine zote wakati mgonjwa anasimulia habari za farasi. Hakuna aliyewaandika. Wanatakwimu Persi Diaconis na Frederick Mosteller waliliweka vizuri mwaka 1989: kukiwa na matukio mengi vya kutosha, jambo lolote la ajabu lina uwezekano wa kutokea. Ukusanye watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kushiriki tarehe ya kuzaliwa unazidi nusu. Kila mtu anashangaa, kwa sababu kila mtu anafikiria tarehe yake, wakati jozi za watu humo ndani ni 253.

#23 Sauti ya Ndani

Umeeleza kwa nini mdudu alikuja. Hujagusa kwa nini mgonjwa alipona. Mimi nimeuliza la pili.

#24 Njia Panda

Wakuu, mimi nina la nyumbani. Sitataja mengi.

Ndugu yangu wa damu alianza polepole. Kwanza namba za magari zilikuwa zinamwambia jambo. Akawa anaziandika daftarini, mistari imenyooka, na pembeni ameweka mishale inayounganisha namba na maneno ya mtangazaji wa redio. Ukimuuliza anakueleza kwa utulivu kabisa, na kila mshale una sababu yake. Hakuwa mjinga, alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Kilichonitisha ni kwamba hakuna kilichobaki bila maana. Kikohozi cha jirani, gari lililochelewa, rangi ya shati langu.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba daktari wa akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, alikwishaieleza hali hiyo mwaka 1958 akiandika juu ya mwanzo wa skizofrenia: mgonjwa anaona miunganiko kila mahali, na kila muunganiko unamhusu yeye. Ndugu yangu yuko kwenye dawa sasa, anafanya kazi. Aliwahi kuniambia kitu ambacho sijakisahau, kwamba kupona kulikuwa na huzuni yake, dunia ilinyamaza.

Kwa hiyo Sauti ya Ndani, nakusoma kwa heshima, lakini nikisikia kwamba maana ipo tu hata bila sababu, moyo wangu unashtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

#25 Sauti ya Ndani

Pole sana Njia Panda, na hongera kwa kusimama naye. Nimekusikia.

#26 Bint Fikra

Njia Panda, asante kwa kutuamini. Umenifanya nione kitu: huenda mashine ni moja kwa sote, tofauti ni kiwango. Mwaka 2008 Jennifer Whitson na Adam Galinsky walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba watu waliofanywa wajihisi hawana udhibiti waliona maumbo ndani ya picha za vumbi tupu, na waliona njama zaidi. Hilo linanieleza mimi. 11:11 zilizidi kipindi nilichokuwa sina kazi na sina uhakika wa kesho.

#27 Maktaba ya Giza

Bint, jaribio hilo usiliegemee kwa uzito wote. Majaribio ya kurudia yaliyochapishwa 2018 yalimnyima mtu udhibiti kwa njia kama zile na hayakuona athari hiyo. Huenda kipindi kile ulikuwa unatazama simu zaidi kwa sababu ulikuwa unasubiri iite.

#28 Bint Fikra

Inawezekana. Nilikuwa naisubiri kweli.

#29 Msafiri wa Nyota

Mimi naona uzi umeegemea upande mmoja: kila anayeona mfumo amekosea. Mbona hatuwataji walioona na wakawa sahihi? Mwanasayansi wa Ujerumani, Alfred Wegener, alitazama ramani akaona pwani ya Amerika Kusini inaingiana na ya Afrika. Akatangaza mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kushikana. Wataalamu wengi walimbeza, wakaona ni mfanano wa bahati. Miaka ya 1960 ushahidi wa sakafu ya bahari ukampa haki, yeye akiwa amekwisha kufariki 1930. Daktari John Snow mwaka 1854 alichora vifo vya kipindupindu London vikazunguka pampu moja ya maji, Broad Street, wakati wakubwa wa afya wanasema ni hewa chafu. Clarke alikuta mrundikano usio na sababu, Snow alikuta wenye sababu, jiji lile lile. Kwenye karatasi zote mbili unaona nukta zimejikusanya.

#30 Hesabu Tamu

Snow hakuishia kwenye nukta. Alifuatilia waliokuwa mbali na bado wakafa, akakuta mjane aliyekuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda. Akaangalia na waliokuwa jirani na hawakuugua, wafanyakazi wa kiwanda cha bia waliokuwa na kisima chao na posho ya bia. Alikwenda kutafuta palipoweza kumwangusha. Utofauti uko hapo: taja mfumo wako kwanza, kisha nenda mahali ambapo unaweza kushindwa.

#31 Msafiri wa Nyota

Basi chukua Titius na Bode, wataalamu wa Ujerumani wa karne ya 18 waliotafuta mpangilio wa umbali wa sayari kutoka kwenye Jua. Ukiuhesabu umbali wa Dunia na Jua kuwa 1, mlolongo wao unatoa 0.4, 0.7, 1, 1.6, 2.8, 5.2, 10, 19.6, 38.8. Sayari zilizojulikana zilikaa vizuri ila pale 2.8 palikuwa patupu. Mwaka 1781 ikagunduliwa Uranus, ikakaa 19.2. Mwaka 1801 ikagunduliwa Ceres, ikakaa kwenye 2.8 ile ile iliyokuwa tupu. Walitaja kwanza, wakaenda mahali pa kushindwa, wakashinda mara mbili. Mwaka 1846 ikaja Neptune: 30.1. Mlolongo ukavunjika. Kwa kipimo chako, mtu wa mwaka 1802 alikuwa na haki ya kuamini au la?

#32 Hesabu Tamu

Alikuwa na haki ya kuamini kwa tahadhari. Mara mbili ni chache.

#33 Msafiri wa Nyota

Na ngapi zinatosha?

#34 Simba Mkimya

Hapo Hesabu Tamu leo kapata kiboko yake 😀

Halafu, mbona wote mmemwacha mleta mada? Inasimuliwa kwamba Jefferson usiku wa tarehe 3 aliuliza kama tayari ni tarehe 4. Mtu anaweza kuishikilia roho yake hadi siku anayoingoja. Hiyo ni sababu, si bahati wala muujiza.

#35 Maktaba ya Giza

Simba, hiyo ni hoja nzuri kuliko ya makatibu. Ila roho ya Monroe mwaka 1831 ilikuwa inangoja nini?

#36 Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Nimejifunza mengi, nawashukuru wote. Kwa Simba: nimewaza hilo pia, na naona linaweza kuwagusa wawili lakini si watatu. Bado sijapata mtu wa kunieleza kwa nini kuelewa hakupunguzi mshangao. Hesabu Tamu anarekebisha ninachofikiri, Mwana wa Kichaka anaeleza kilikotoka, Sauti ananiambia nisikitupe, Njia Panda ananiambia nikichunge. Sijui ni nani kati yenu anazungumzia kitu kile kile.

#37 Kipepeo

Kabla hatujaondoka. Bulgaria, Septemba 2009, bahati nasibu ya taifa. Tarehe 6 zikatoka 4, 15, 23, 24, 35, 42. Tarehe 10, droo iliyofuata, zikatoka zile zile sita, kwa mpangilio tofauti. Serikali ikaagiza uchunguzi, udanganyifu haukuonekana. Hesabu Tamu najua utaniambia kuna bahati nasibu nyingi duniani na droo nyingi kila wiki, nimekuelewa. Mimi nina swali jingine. Droo ya kwanza hakuna aliyezipatia zote sita. Ya pili walizipatia watu 18. Yaani kuna watu 18 waliotazama namba zilizotoka siku chache tu kabla, wakazicheza hizo hizo. Wale walikuwa wanawaza nini?

#38 Mwana wa Kichaka

Kwamba zimewaka, zina moto bado.

#39 Hesabu Tamu

Au walielewa kwamba mashine haikumbuki ilichotoa, hivyo namba hizo zina nafasi sawa na nyingine zozote. Mtu wa aina hiyo na mtu wa Mwana wa Kichaka wanajaza tiketi ile ile.

#40 Mama wa Zamu

Na wote wamelipwa sawa. Naingia zamu, usiku mwema.